MGB na ndugu zake: namna ya kuitunza spoti ya zamani ya Kiingereza bila kuimaliza kwa mikono yako mwenyewe

Umeshaipata gari, iko ndani, inanukia petroli na ngozi kuukuu, na mkono unakuwasha kushika spana. Ngoja kwanza. Nyingi ya hizi gari haziuawi na uzee, zinauawa na vitu viwili, kukaa miaka bila kuendeshwa, na mwenye gari kubadilisha vitu sita jumamosi moja halafu ikigoma kuwaka hajui ni kipi kati ya hivyo sita kimemgomea. Kwa hiyo yote nitakayosema hapa yanatoka kwenye sheria ndogo tu, kitu kimoja kwa wakati mmoja, washa, endesha, sikiliza, ndo uende kwa kingine.

Mfano wangu mkubwa utakuwa MGB kwa sababu ndo zilizobaki nyingi, zilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 mpaka 1980, zikapita laki tano, na spea zake bado zinatengenezwa mpaka leo, hadi bodi tupu mpya unapata. Triumph na Lotus zina vituko vyake, nitavigusa tukiwa njiani.

Tuanze na spana maana hapa ndo watu wanaharibu kabla hata hawajaanza. Hizi gari ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, we unachukua spana ya 13 unaona inaingia freshi tu, unavuta, kona za nati zinaliwa, na anayekuja nyuma yako anatumia plaizi, anayefuata anatumia patasi. Nunua seti moja ya inchi iliyo nzuri na umalize hiyo habari. Ukiwa na MG ya zamani zaidi kama TC au TD pole sana, injini zake nyuzi za bolti ni za milimita ila vichwa vyake vinataka spana za Whitworth, ukiuliza kwa nini utazeeka bila jibu. Na tafuta kitabu cha warsha cha mwaka wa gari yako, sio cha mwaka wowote, vipimo vilibadilika katikati ya safari.

Sasa oili. Weka 20W/50, na angalia kwenye kopo kama ina zinki ya kutosha, yaani ile ZDDP. Tapeti za hizi injini ni bapa, zinasugua kwenye kamshafti moja kwa moja bila rola, na zinki ndo inayozuia chuma kula chuma. Oili nyepesi za kisasa kama 5W/30 sio mbaya, zimetengenezewa injini nyingine kabisa zenye nafasi ndogo ndani, huku kwetu zitapita kama maji na utaona sindano ya presha imelala. Badilisha kila kilomita 5000 au kila mwaka, chochote kitakachotangulia, na filta yake usiruke. Kwa MGB iliyopata moto kitabu kinataka presha ya 50 hadi 80 psi ukiwa unaenda na 10 hadi 25 ikiwa imesimama inanguruma, kwa hiyo ukiona kwenye mataa imeshuka mpaka 20 usipatwe na presha wewe.

Kuna jambo moja kwenye oili linawachanganya hadi mafundi wa siku nyingi. Giaboksi ya MGB haitumii oili ya gia, inatumia oili ya injini ile ile 20W/50, na kama ina overdraivi ya Laycock (ile gia ya ziada ya mwendo wa kasi) inakunywa humo humo. Ukimwaga 90 nzito overdraivi inakuwa na usingizi, inachelewa kuingia, halafu mtu anafungua waya na swichi wiki mbili akitafuta ugonjwa ambao kaumwaga mwenyewe. Difu ndo inayotaka EP90. Kwa Triumph giaboksi inataka oili ya gia kweli, ila chagua GL4, achana na GL5 (daraja limeandikwa kwenye kopo), ile dawa iliyomo kwenye GL5 nyingi inakula shaba na madini ya njano yaliyomo ndani.

Kuvuja zinavuja. Usiku tandika boksi bapa chini ya gari, asubuhi lisome kama ramani. Tone la mbele karibu na puli ni sili ya kava ya cheni, tone la katikati pale injini inapokutana na giaboksi ni sili ya nyuma (zile MGB za kwanza za beringi tatu hazikuwa na sili ya mpira huko nyuma, zilikuwa na nyuzi tu za kurudisha oili, kwa hiyo kidogo itatoka tu hata ufanyeje), la nyuma kabisa ni difu. Piga picha hilo boksi kila mwezi. Matone matatu yakibaki matatu mwaka mzima yaache, yakifika kumi ndo unafungua. Usije ukatoa injini kwa ajili ya matone matatu.

Grisi ndo kazi ya bei rahisi kuliko zote na ndo inayosahaulika kuliko zote. Kwenye MGB kila upande wa mbele kingipini, ile pini ambayo gurudumu linageukia, ina nipeli tatu. Inua mbele kwa jeki, weka stendi (stendi, narudia, sio jeki peke yake, sio tofali), futa nipeli ziwe safi usije ukasukuma mchanga ndani, halafu bomba grisi mpaka uone mpya inatokea pembeni. Kila kilomita 5000. Nipeli ikikataa kupitisha usiseme basi zile mbili zinatosha, ing'oe safisha au weka mpya, kwa sababu kingipini iliyokosa grisi inakwama, usukani unakuwa mzito, na kuitengeneza ni kazi ya presi na rima.

Haya tuje kwenye kutuni, ambako kila mtu anataka kuanza na kabureta kwa sababu zinang'aa. Usiguse kabureta. Kabureta ni za mwisho. Mi mwenyewe nilipoteza wikiendi mbili nikizungusha nati za SU (ndo aina ya kabureta zake) kwa sababu gari ilikuwa inamisi ikipata moto, nikazizungusha mpaka nikasahau zilianzia wapi, kumbe ni kondensa mpya niliyoiweka mwezi uliopita, mpya kabisa ya kwenye boksi, imekufa. Nikarudisha ile kuukuu gari ikatulia. Tangu siku hiyo spea kuukuu inayofanya kazi siitupi, inakaa kwenye buti.

Utaratibu ni valvu kwanza, halafu pointi, halafu taimingi, ndo kabureta. Valvu za MGB unapima injini ikiwa ya baridi, inchi 0.015, yaani kama milimita 0.38, Triumph Spitfire ni 0.010 ambayo ni 0.25, usichanganye. Kujua valvu ipi ya kurekebisha kuna ujanja wa tisa. Valvu ziko nane, zihesabu kutoka mbele, ukizungusha injini valvu ya 8 ikiwa imekandamizwa mpaka mwisho unapima namba 1, ikikandamizwa 7 unapima 2, 6 unapima 3, yaani zijumlishwe zitoe tisa siku zote. Injini utaizungusha kirahisi ukitoa plagi zote, weka gia ya nne sukuma gari taratibu. Fila geji ipite kwa kusugua kidogo kama unavuta karatasi chini ya kitabu, isicheze wala isilazimishwe. Na usizibane valvu ukidhani kelele ni ugonjwa, valvu inayogonga kidogo ina afya, ile iliyo kimya sana haifungi vizuri na itaungua.

Pointi za distributa ya Lucas (kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya hizi gari) ziwe 0.015 inchi hivi, plagi 0.025, mpangilio wa moto 1-3-4-2. Paka tone la grisi kwenye kamu ya distributa, tone kweli sio kijiko. Kuna watu watakwambia weka ya kielektroniki umalizane na pointi, na sio vibaya, ila zile pointi ukizijua zinakupa dalili kabla hazijafa, kile kidude cha kielektroniki kinakufa ghafla ukiwa barabarani na hakina cha kurekebisha. Ukiweka, beba seti ya pointi kwenye buti.

Sasa kabureta. MGB nyingi zina SU mbili, zile za Marekani kuanzia mwisho wa 1974 zilipewa Stromberg moja tu. Kitu unachotakiwa kufanya mara kwa mara kwenye SU ni kuangalia oili ya dashipoti, fungua kile kifuniko cha juu, vuta, ongeza oili mpaka iwe juu ya kile kifimbo cha ndani kwa sentimita moja na kitu. Ikiisha, gari ukikanyaga resi inasita kama imeshtuka, halafu ndo inaondoka. Nyingi za hizo "kabureta mbovu" zinatibiwa kwa kijiko kimoja cha oili. Kingine, zima injini, toa filta ya hewa, inua pistoni kwa kidole uiachie, inatakiwa idondoke yenyewe na kulia tak. Isipolia imechafuka au sindano imekaa upande.

Kupima mchanganyiko, injini ikiwa na moto wa kawaida, inua pistoni ya kabureta moja kidogo sana kwa kile kipini cha chini yake, chini ya milimita moja. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli haitoshi. Ikipanda kidogo kisha ikarudi kwenye mlio wake hapo uko sawa, toa mkono. Nati ya chini ya jeti kwenye HS4, yaani hizo SU za MGB, ukiipandisha unapunguza petroli, ukiishusha unaongeza, na unazungusha upande mmoja wa nati kwa wakati, sio raundi nzima. Kwa kulinganisha kabureta mbili chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni nyingine mdomoni mwa kabureta, sikiliza mluzi, halafu nyingine, mpaka ziimbe sauti moja. Vifaa vya kununua vipo ila sikio linatosha.

Petroli yenyewe. Hedi ya chuma ya hizi injini ilizoea petroli ya risasi, na Uingereza iliacha kuiuza kwa wote mwanzoni mwa 2000. Kama hedi yako haijawahi kuwekwa siti ngumu za valvu, unaweza kutumia ile dawa ya kuchanganya kwenye tanki, au uendeshe kistaarabu na uangalie nafasi za valvu mara nyingi zaidi, zikiwa zinapungua kila ukipima ujue valvu inazama kwenye hedi. Usikimbilie kufungua hedi nzima kwa ajili ya hilo tu, subiri siku itakapofunguliwa kwa sababu nyingine. Kinachonitisha zaidi mimi ni etanoli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko Uingereza ni E10, yaani ina etanoli hadi asilimia 10, na etanoli inalainisha paipu za mpira za zamani, inavuta maji, na hizo paipu ziko juu ya eksozi. Weka super yenye E5 na paipu zote za mafuta ubadilishe kwa zile zilizoandikwa R9. Hii usiahirishe. Gari zinaungua.

Umeme sasa. Mnajua utani wa Lucas kuitwa mkuu wa giza, utani mzuri, ila nikwambie ukweli mara nyingi kosa sio la kifaa, ni ethi, pale umeme unaporudia kwenye bodi. Waya mweusi unaoishia kwenye bolti yenye kutu. Kabla hujanunua chochote chukua msasa, fungua kila ethi, safisha mpaka chuma king'ae, paka vaselini, funga. Halafu vile viunganishi vya waya vyenye umbo la risasi ya bunduki, vichomoe kimoja kimoja, safisha, rudisha. Taa zilizokuwa kama mshumaa zinaamka. Na jifunze rangi, ni zile zile kwenye karibu gari zote za Kiingereza za wakati huo, kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri usio na fyuzi (huo uheshimu), mweupe ni wa swichi ya funguo, kijani ni wa funguo uliopita kwenye fyuzi, zambarau una moto muda wote ila una fyuzi, bluu taa kubwa, nyekundu taa ndogo, mweusi ethi. Ukizijua hizi saba unasoma gari nzima gizani.

MGB ya kwanza mpaka 1967 ethi yake ni chanya. Chanya! Mtu anafunga redio ya kisasa na moshi unatoka ndani ya sekunde. Angalia kwanza betri imefungwaje, na kumbuka zamani zilikuwa mbili za volti sita, zimefichwa nyuma ya siti, mahali ambapo hakuna anayeangalia mpaka sakafu ya kisanduku chake imeoza. Taa kubwa hazina fyuzi kwenye MGB, ziwekee rilei na fyuzi yake, moto wote usipite kwenye ile swichi ndogo ya miaka 50. Na pampu ya petroli ya SU ikigoma iko nyuma karibu na betri upande wa kulia, igonge kidogo na mpini wa spana, itaanza tiktiktik na utafika nyumbani. Ukifika itengeneze pointi zake, usiigeuze kuwa desturi ya kila asubuhi.

Breki sitasema mengi kwa sababu hapa hakuna ubishi. Mafuta ya DOT 4 yanavuta unyevu, badilisha yote kila miaka miwili hata kama hukutembea. Paipu za mpira zikizeeka zinavimba ndani, nje unaziona nzima, gari ikawa inashika breki yenyewe upande mmoja, hapo badilisha zote tatu. Drami za nyuma kaza ile adjasta ya kichwa cha mraba mpaka gurudumu ligande, rudisha kidogo mpaka lizunguke. Uingereza gari iliyozidi miaka 40 na haijabadilishwa sana haidaiwi tena ukaguzi wa MOT tangu Mei 2018, wengi wakashangilia, mi naona ipeleke tu kila mwaka, jicho la mtu asiyeipenda gari yako linaona vitu ambavyo wewe umeshavizoea.

Klachi ndo ya kuionea huruma. Beringi ya klachi ya MGB ni kipande cha kaboni kinachosugua, sio cha gololi, kwa hiyo kila dakika unayokaa kwenye mataa umekanyaga klachi unakitafuna, na kukibadilisha ni mpaka injini itoke. Weka fri, toa mguu. Kwenye Triumph, Spitfire na TR6, ni mbaya zaidi maana kukanyaga klachi kunasukuma krenki mbele, na zile washa za kuizuia zikiisha zinadondoka kwenye sampu na bloku inaliwa. Mwambie mtu akanyage klachi wewe ukiangalia puli ya mbele, ukiona kwa macho tu inasogea mbele na nyuma, zima gari, usiende nayo hata dukani.

Kutu sasa, na hapa ndo pesa inapoishia. Injini yoyote inatengenezeka mezani ila MGB haina chesisi, bodi ndo chesisi, na nguvu yote iko kwenye yale maboksi marefu chini ya milango. Yakioza gari inakunjika katikati, ukifungua mlango haufungi tena. Ingia chini na bisibisi, gongagonga, chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Ndani ya madigadi za mbele kuna kona juu nyuma ya tairi inakusanya tope, toa tope hilo kwa mkono kila ukiosha, zibua vitundu vyote vya kutolea maji chini ya milango na kwenye maboksi kwa waya, halafu puliza nta ya maji maji ndani ya maboksi hayo yote kila baada ya mwaka au miwili. Kama barabara zenu zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi usiitoe gari mpaka mvua ioshe hiyo chumvi. TR6 ina chesisi ila inaozea pale mikono ya nyuma inaposhikwa. Lotus Elan bodi ni faiba, watu wanafikiri wamekwepa kutu, kumbe chini kuna uti wa mgongo wa chuma unaoza kimya kimya. Na rangi nzuri isikudanganye kabisa, mi gari yenye rangi mbovu na chuma kizima chini naichukua mbio.

Ringi za spoku zinapendeza lakini zina kazi. Zigongeshe spoku kwa kalamu, ikitoa sauti ya kufa imelegea. Ndani weka tyubu. Meno ya habu yapake grisi kila ukitoa gurudumu, na ile nati kubwa ya katikati unaigonga kwa nyundo ya shaba, kukaza ni kuelekea nyuma ya gari kwa upande wa juu, pande zote mbili, kwa hiyo kulia na kushoto nyuzi zake zinapingana. Baada ya kilomita chache za kwanza simama uigonge tena. Ukiskia klak unapoanza kuondoka na klak unaposhika breki, meno yameisha, hapo ni habu na ringi pamoja.

Ikibidi ilale miezi kadhaa, mwaga oili kuukuu uweke mpya kabla ya kulala sio baada, maana ile chafu ina asidi. Jaza tanki, toa waya wa betri, pandisha tairi presha kidogo, na usivute hendibreki, weka mbao kwenye tairi, hendibreki iliyovutwa miezi inagandisha shuu kwenye drami. Klachi nayo inaweza kuganda, wengine wanaikanyagisha kwa kipande cha mbao muda wote huo. Usiwe unaiwasha dakika tano kila wiki ukidhani unaisaidia, hiyo inajaza maji kwenye oili na eksozi tu, kama huwezi kuitoa ikapata moto kwelikweli nusu saa basi iache ilale.

Siku ya kuiamsha toa plagi zote nne, tone la oili kila silinda, rudisha betri, piga stata bila plagi mpaka uone sindano ya oili imepanda. Inaweza kuchukua muda, pumzisha stata katikati. Ikipanda ndo urudishe plagi, vuta choku, subiri pampu imalize tiktik zake, washa.